Shajara ya Mradi: Kutoka Kujifungua Hadi Kilomita 10, Mtoto Bado Ananyonya

Lengo. Kukimbia kilomita 10 bila kusimama ifikapo wiki ya 26, mtoto akiwa ananyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Wiki zinahesabiwa tangu siku ya kujifungua. Hesabu za nishati zinatumia mfano wa mama wa kilo 65. Kila wiki iliyotajwa hapa ni ya mapema kabisa. Ratiba inaruhusiwa kuchelewa, hairuhusiwi kuwahi.

Kinachopimwa. Wengi huanza mradi wa aina hii wakihofia maziwa: yatapungua, yatachacha, mtoto atayakataa. Maziwa ndiyo sehemu imara kuliko zote. Mwili humlisha mtoto kwanza na mama akabaki na deni, kwa hiyo vinavyoharibika ni nyonga, mifupa na usingizi wa mama. Kibaya zaidi, kunyonyesha kwenyewe huficha baadhi ya dalili za deni hilo. Ndiyo maana safu za mtoto humu ni mbili tu: uzito wake kliniki, na nepi zenye mkojo, ambazo baada ya wiki ya kwanza zinatakiwa ziwe sita au zaidi kwa saa 24. Safu za mama ni sita: mkojo kuvuja (ndiyo au hapana, na ulipovuja), uzito au hali ya kitu kushuka ukeni, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, saa za usingizi, hali ya matiti, na dakika za kutembea au kukimbia.

Wiki 0–2. Kukimbia: sifuri.

Kazi ya wiki hizi ni kunyonyesha na kupona. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 5, na wingi wake baadaye hutegemea mara ngapi titi linanyonywa au kukamuliwa. Matembezi ya dakika 5 hadi 10 yanatosha.

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo kutoka chini, yanaanza mara tu mpira wa mkojo ukishatolewa na mama anaweza kukojoa mwenyewe. Kaza kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta juu, kisha achia kabisa. Kosa la kawaida ni kubana makalio na kuzuia pumzi. Hapo msukumo unakwenda chini badala ya juu. Anza kwa kushikilia sekunde 3, ongeza pole pole hadi 10.

Kipimo cha bure cha wiki hizi ni damu ya uzazi. Ikiwa ilishaanza kupauka kisha ikarudi kuwa nyekundu baada ya shughuli, kesho punguza nusu. Pedi inayoloa kabisa ndani ya saa moja si suala la mazoezi tena. Ni la kwenda hospitali sasa hivi.

Wiki 3–5. Kutembea dakika 15–30.

Hakuna jipya la kueleza kirefu. Ongeza dakika 5 kila baada ya siku chache, tembea tambarare, na usibebe mzigo mzito kuliko mtoto.

Wiki 6. Kliniki, na neno kuhusu "ruhusa".

Uchunguzi wa wiki ya 6 hukagua kizazi, mshono, shinikizo la damu, uzazi wa mpango. Haukagui kama nyonga inaweza kupokea nguvu ya zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili kila mguu unapotua chini. Mama akiambiwa "uko vizuri, endelea na shughuli zako", asitafsiri hilo kuwa anaweza kukimbia. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, uliotoka mwaka 2019, unaweka mpaka wa chini kabisa kuwa miezi 3. Mradi huu unaufuata.

Kwa aliyepasuliwa kuna sababu ya ziada. Utando mgumu wa tumbo uliokatwa huwa na takribani nusu hadi 60% tu ya nguvu yake ya awali kwenye wiki ya 6, na hufikia kati ya 73% na 93% kwenye mwezi wa 6 au wa 7. Ngozi iliyofunga vizuri haisemi lolote kuhusu tabaka la chini.

Ya kuuliza kliniki, yaandikwe kabla ya kwenda: kiwango cha damu, hasa kama damu nyingi ilipotea, hali ya mshono, na kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga anayeweza kupima misuli kwa mkono. Dakika 20 za mtaalamu huyo zina thamani kuliko saa yoyote ya kisasa ya mkononi.

Baiskeli isiyohamishika na kuogelea vinaruhusiwa, ilimradi damu imekoma na vidonda vimefunga.

Wiki 7–11. Nguvu kwanza, na hesabu ya chakula.

Mazoezi ya nguvu siku 3 kwa wiki, dakika 20: kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, kulala chali na kuinua makalio kwa mguu mmoja, kuketi na kuinuka kitini kwa mguu mmoja, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Lengo ni kufika marudio 20 kila upande. Ukiona tumbo linachomoza katikati kama ukingo wakati wa zoezi, zoezi hilo ni zito mno kwa sasa. Toa pumzi wakati wa kuinuka. Tumbo likiendelea kuchomoza, rudi kwenye miguu miwili.

Sakafu ya nyonga: mikazo 10 ya sekunde 10, kisha 10 ya haraka, mara 3 kwa siku. Kila mtoto anaponyonya ni wakati mzuri wa kukumbuka.

Sasa chakula, ambapo miradi mingi hufia kimyakimya. Mama anayenyonyesha mtoto bila nyongeza hutoa takribani mililita 750 hadi 800 za maziwa kwa siku, zenye karibu kilokalori 500. Katika miezi 6 ya kwanza sehemu yake, kama 170, hutoka kwenye mafuta yaliyohifadhiwa wakati wa ujauzito. Kwa hiyo chakula kinapaswa kuongezeka kwa kama 330 hata mama akikaa tu. Kukimbia hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita: kilo 65 mara kilomita 5 ni 325. Siku ya mazoezi, basi, inadai karibu 650 juu ya chakula cha kabla ya ujauzito. Huo ni mlo mzima wa ziada, na kitafunwa hakiwezi kuufidia.

Wakati huohuo mama anatamani kupungua. Inawezekana, kwa kasi isiyozidi nusu kilo kwa wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la tiba la *New England Journal of Medicine* ulifuatilia akina mama wenye uzito uliozidi kuanzia wiki ya 4 hadi ya 14. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi walipoteza kama nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua sawa na wengine. Mama ambaye hakuwa na uzito wa ziada asijipime kwa matokeo hayo.

Hapa ndipo dalili inapofichwa. Mkimbiaji wa kike anayekula pungufu kwa kawaida hugundua kwa hedhi kuvurugika au kukatika. Anayenyonyesha mara nyingi hana hedhi tayari, hivyo kengele hiyo imezimwa. Zitumike nyingine: baridi isiyoelezeka, hasira za ghafla, majeraha madogo yanayojirudia, mapigo ya moyo ya asubuhi yanayopanda siku kadhaa mfululizo, uchovu ambao hata usiku mzuri hauuondoi. Zikitokea mbili kwa pamoja, ongeza chakula wiki nzima kabla ya kugusa ratiba ya mazoezi.

Maji: kunywa kwa kiu, weka glasi pale unaponyonyeshea, angalia mkojo uwe wa rangi hafifu. Kunywa kupita kiu hakuongezi maziwa.

Wiki 11, kando: sidiria.

Pima kifua mara mbili siku hiyohiyo, titi likiwa limejaa na baada ya mtoto kunyonya. Tofauti inaweza kuwa ukubwa mzima wa kikombe. Nunua inayotosha titi lililojaa kiasi. Yenye vikombe viwili tofauti, mikanda mipana na kifungo cha mgongoni cha ngazi kadhaa ni bora kuliko ile inayoyabana matiti yote bapa kifuani: mbano wa muda mrefu huzuia maziwa yasitiririke na huweza kuanzisha uvimbe. Kidole kimoja au viwili vipite chini ya mkanda wa kifua. Kuvaa sidiria mbili kwa pamoja ni suluhisho la nusu saa, si la asubuhi nzima.

Wiki 12. Mtihani wa kuingia.

Yote yafanywe siku moja, bila maumivu, bila mkojo kuvuja, bila uzito ukeni: kutembea dakika 30, kusimama mguu mmoja sekunde 10, kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kukimbia papo hapo dakika 1, kuruka mbele mara 10, kurukaruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande. Kimoja kikishindikana, rudi kwenye nguvu wiki 2 na urudie mtihani wote.

Fanya mtihani mchana au jioni. Nyonga huwa na nguvu asubuhi na kuchoka kadiri siku inavyokwenda. Kufaulu saa moja asubuhi kunaweza kudanganya.

Wiki 12–15. Kukimbia na kutembea.

Siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Wiki 12 na 13: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Wiki 14 na 15: kimbia 2, tembea 2, mara 7. Kasi ni ya kuweza kuzungumza sentensi nzima. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10 na yawe yameisha kesho yake asubuhi.

Utaratibu wa siku ya kukimbia:

Mnyonyeshe mtoto matiti yote mawili, au kamua, ukimaliza karibu iwezekanavyo na kutoka. Titi lililojaa ni zito, linavuta kano zake na linauma. Nenda chooni, lakini usizoee kukojoa mara tatu "kwa usalama". Kibofu hujifunza kudai mapema. Paka mafuta ya kulainisha kwenye chuchu na chini ya mkanda. Lanolini iliyosafishwa, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, haihitaji kufutwa. Mafuta ya mgando yafutwe kabla ya kunyonyesha. Weka pedi kavu za matiti, maana mtikisiko na hata kilio cha mtoto mwingine njiani huweza kufanya maziwa yashuke.

Ukirudi: vua sidiria yenye jasho mara moja, futa titi kwa maji ya kawaida ili chumvi ya jasho isimkere mtoto, kunywa maji, kula, nyonyesha. Atakayesahau kula ndani ya saa moja atalala mchana na njaa.

Kuhusu maziwa "kuchacha": mazoezi mazito mno, ya kumaliza nguvu zote, hupandisha asidi ya laktiki ndani ya maziwa kwa muda mfupi. Haina madhara kwa mtoto. Kwa mwendo wa wastani mabadiliko ni madogo na watoto hunyonya kama kawaida. Utafiti wa mwaka 1994 katika *New England Journal of Medicine* uliwafanyisha akina mama mazoezi ya dakika 45, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12, na wingi wa maziwa wala viambato vyake havikubadilika. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga. Mtoto akikataa titi baada ya mazoezi, mshukiwa wa kwanza ni jasho. Wa pili ni titi lililojaa na kuwa gumu hata hawezi kulikamata.

Wiki 14. Tatizo: sehemu ngumu, nyekundu, yenye maumivu upande mmoja wa titi.

Hili ndilo linalosimamisha ratiba mara nyingi zaidi. Sababu za kawaida ni kunyonyesha kulikorukwa ili kuwahi mazoezi, sidiria iliyobana ikavaliwa mpaka mchana, au kamba ya begi iliyopita juu ya titi.

Tiba imebadilika. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa masuala ya kunyonyesha, unakataza kulikanda titi kwa nguvu na kulikamua kupita mahitaji ya mtoto, mambo mawili ambayo mama wengi bado huambiwa. Kukanda huumiza tishu na kuongeza uvimbe. Kukamua zaidi huagiza maziwa zaidi. Nyonyesha kama kawaida, pande zote mbili. Weka kitambaa cha baridi. Ibuprofeni inaendana na kunyonyesha, kwa asiyekatazwa kuitumia. Mkono ukigusa, uwe wa kupapasa tu kuelekea kwapani.

Homa, kutetemeka na mwili kuuma kama mafua: usikimbie hata dakika moja. Kama hakuna nafuu ndani ya saa 24, muone daktari, kwani huenda dawa za kuua bakteria zikahitajika. Rudi kwenye ratiba baada ya saa 48 bila homa, ukianzia wiki iliyotangulia.

Wiki 16–19. Vipande virefu, na uvujaji.

Wiki 16 na 17: kimbia 5, tembea 2, mara 4. Wiki 18 na 19: kimbia 10, tembea 1, mara 2, kisha mara 3.

Mkojo kuvuja wakati wa kukimbia ni jambo la kawaida sana baada ya kujifungua, na ukawaida huo huwafanya wengi wanunue pedi na kuendelea. Uandikwe kwenye safu yake pamoja na dakika ulipotokea. Ukivuja dakika ya 20 kila mara, misuli inachoka: fupisha hadi 15, endelea na nguvu, panda tena baada ya wiki 2. Ukivuja tangu hatua ya kwanza, au kukiwa na hali ya kitu kushuka, simama na upimwe nyonga. Kwenye mteremko piga hatua fupi. Kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa kama 5% hadi 10% hupunguza mzigo unaopokelewa na goti na nyonga.

Ukavu na mikwaruzo ukeni baada ya kukimbia hutokana na homoni ya estrojeni kuwa chini wakati wa kunyonyesha. Kilainishi husaidia, kikishindwa, kliniki wana dawa za kupaka.

Wiki 18. Mfupa.

Ingizo fupi lakini zito. Wakati wa kunyonyesha mwili huchota kalsiamu mifupani, na uti wa mgongo na nyonga hupoteza kwa muda asilimia chache za uzito wa mfupa. Hurudi baada ya mtoto kuacha ziwa. Kipindi chenyewe ndicho cha hatari: mfupa mwepesi, chakula pungufu, usingizi wa vipande, na kilomita zinazopanda kwa wakati mmoja. Maumivu ya kina chini ya mgongo upande mmoja, kinenani au kwenye muundi, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kubaki usiku, yachukuliwe kuwa ufa wa mfupa mpaka daktari aseme vinginevyo. Jaribio la nyumbani la kuruka mguu mmoja lisifanywe hapa. Linaweza kukamilisha ufa. Kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku, vitamini D, na protini kila mlo.

Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, alishinda New York Marathon Novemba 2007, karibu miezi 10 baada ya kujifungua. Kabla ya hapo alikuwa amesimamishwa na ufa wa mfupa chini ya mgongo baada ya kurudi mazoezini haraka. Picha ya ushindi husambaa kuliko habari ya ufa. Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua Juni 2018, alirudi na kupata medali ya fedha ya mita 1500 kwenye Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Wiki 20. Dakika 30 mfululizo.

Hakuna kasi bado. Usiku wenye chini ya saa 5 za usingizi kwa jumla hugeuza zoezi la kesho kuwa matembezi, na hilo halihesabiwi kuwa zoezi lililorukwa. Kahawa isijaribu kuziba pengo: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 200 za kafeini kwa siku kwa anayenyonyesha, na baadhi ya jeli za mbio, zile za kuongeza nguvu njiani, nazo huwa na kafeini, kwa hiyo zihesabiwe.

Wiki 21–26. Kupanda hadi kilomita 10.

Mazoezi mawili ya dakika 30 na moja refu kila wiki. Refu: kilomita 5, 6, 7, kisha kushuka hadi 5.5, kisha 8.5, kisha 10. Wiki ya kushuka isirukwe hata mambo yakiwa mazuri, hasa mambo yakiwa mazuri.

Kilomita 10 pamoja na maandalizi, njia na kurudi zinaweza kumweka mama mbali na mtoto kwa saa 2. Hilo halina shida. Mtoto mdogo akikaa saa 3 hadi 4 bila kunyonya na titi likabaki limejaa, kinachoathirika ni uzalishaji, kwa sababu titi lililojaa hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa. Siku ya shindano, ambapo foleni na usafiri huongeza saa, beba pampu ya mkono. Jasmin Paris alishinda Spine Race ya Januari 2019, mbio ndefu ya milimani Uingereza, kilomita 431 kwa saa 83 na dakika 12, huku akikamua maziwa vituoni. Kwa shindano la kilomita 10 inatosha kukamua mara moja kabla ya kupanga foleni.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Kwenye joto kali tumia boksi lenye barafu. Akiba ya chupa moja ijengwe mapema kwa kukamua kidogo baada ya mnyonyesho wa asubuhi, wakati maziwa huwa mengi. Mwenye kumlea mtoto ajaribishwe kumpa angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, maana kuna watoto wanaokubali maziwa hayohayo kwa kikombe na kuyakataa kwa chupa.

Kukimbia na kigari: mtoto awe na miezi 6 au zaidi na shingo imara, kigari kiwe cha kukimbilia kweli chenye magurudumu makubwa, gurudumu la mbele lililofungwa, mkanda wa pointi tano, breki ya mkono na kamba ya kifundo cha mkono. Kigari cha kawaida cha kutembezea hakifai.

Yaliyobaki wazi baada ya wiki 26. Vipande vya kasi vianze baada ya wiki 4 za kilomita 20 kwa wiki bila dalili yoyote, kimoja kwa wiki, dakika 1 kasi na 2 polepole, mara 6. Mtoto akianza chakula minyonyesho itapungua, na hapo hedhi inaweza kurudi. Ikirudi, iandikwe. Miezi 3 kupita bila hedhi baada ya mtoto kuacha ziwa kabisa ni sababu ya kupima ujauzito kwanza, kisha kumwona daktari na kukagua upya hesabu ya chakula ya wiki ya 7.